Mama anaenda kupasuliwa moyo, nawaambiaje watu?

SWALI: Shikamoo mama. Niko Nzuguni hapa Dodoma, nina miaka 27. Mama yangu ana miaka 52, anauza nyanya na vitunguu soko la Majengo. Valvu ya moyo, kile kilango cha kupitisha damu, imeharibika na amepewa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kule Dar akabadilishiwe, tumeambiwa tujiandae tarehe tutapigiwa. Mama hataki watu wajue, anasema ataonekana ombaomba. Mjomba naye ana picha ya mama akiwa na dripu, anataka airushe kwenye magrupu na kutangaza kanisani. Kaka zangu, mmoja mwalimu Singida mwingine bodaboda hapahapa mjini, kila nikiwapigia wanasema tutaona. Wadogo zangu wawili bado wanasoma. Na majirani wameshaanza kusema ni mkono wa mtu. Naanzia wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana na mpe mama pole yangu. Umeuliza mambo mengi kwa mpigo, ntayajibu yote ila sio kwa mpangilio wako maana mengine yanaweza kusubiri na mengine hayasubiri hata wiki ijayo.

Mi nimefanya kazi ya ustawi wa jamii hospitalini mpaka nikastaafu, na nilichokiona kwetu huku, iwe mjini iwe Mpwapwa iwe Kondoa, ni kwamba watu wetu sio wachoyo. Harusi ikitangazwa wiki hiyohiyo kuna kamati, kuna mwenyekiti, mhasibu, grupu, watu wanaandika ahadi na wanakumbushwa mpaka wanakoma. Msiba ndo usiseme, daftari linafunguliwa hata mwili haujatoka mochwari, kina mama wameshagawana nani analeta maharage nani kuni nani sufuria kubwa. Ila mtu akiwa anasubiri kupasuliwa, yuko hai, anatembea, anasalimia, hapo hatuna utaratibu wowote. Jirani anakukuta njiani anasema tupo pamoja, we unasema asante, kila mtu anaenda zake na wote mlikuwa mnasema kweli! Kwa hiyo kaka zako wakisema tutaona usiwahesabu kwamba hawajali, inawezekana kabisa hawajui waone nini. Wape huu ugonjwa utaratibu kama wa harusi, kamati ndogo tu ya watu wanne watano, na kila mtu apewe jambo linalotajika kwa jina. Mtu ukimwambia "tusaidieni kwa chochote" atakupa pole. Ukimwambia "mama Neema naomba wadogo zangu wale kwako chakula cha jioni wiki hizo mbili tukiwa Dar" atakwambia sawa, au atasema siwezi ila ntakufulia, na vyote viwili ni jibu.

Lakini kabla hujamwambia mtu yeyote kaa na mama. Kifua ni chake, yeye ndo anaamua nani ajue na ajue kiasi gani. Muulize maswali yanayojibika: kanisani wasemeje, sokoni nani aambiwe, ugonjwa utajwe au tuseme tu anaenda kufanyiwa upasuaji, picha itumike au hapana. Na hilo la ombaomba nenda nalo taratibu, usibishane nae, mwombe akuhesabie misiba aliyochangia pale sokoni tangu aanze biashara, na watoto wa watu waliozaliwa akapeleka sabuni na sukari, na ahadi za harusi alizolipa akiwa hana. Mama wa soko la Majengo ametoa kwa watu miaka mingi. Anajua mwenyewe kwamba angesikia mwenzake wa meza ya jirani amepasuliwa kimyakimya bila kumwambia angenuna mwezi mzima.

Akikubali watu wachache tu, basi ni wachache, usimzunguke.

Picha ya dripu mwambie mjomba aifute, na umwambie leo. Kwanza mama hajaridhia, pili picha ikishatoka kwenye grupu moja hujui inafika wapi, kuna watu kazi yao ni kuchukua picha kama hiyo wakabadilisha namba ya simu chini na kuirusha upya, hela inaingia kwao nyie mnabaki mnatukanwa kwamba mmechangiwa mamilioni. Ila mjomba usimfukuze, mjomba anayependa kusema ni mali ukimpa cha kusema. Mfanye ndo msemaji wa familia. Yeye ndo atazungumza na mchungaji, tangazo liwe fupi, dada yangu anaenda Dar kwa upasuaji, tunaomba maombi, na anayetaka kujua zaidi anione mimi baada ya ibada. Hivyo tu. Na siku ya upasuaji wenyewe simu zote ziende kwake, hapo ndo utaona faida yake.

Sasa pesa, na hapa usianze na michango, anza na vile ambavyo tayari ni haki yenu.

Mpigie kaka wa Singida, swali liwe moja tu: mama yupo kwenye bima yako au hayupo? Mwalimu wa serikali ni mwanachama wa NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na bima yake inamhudumia yeye, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne, na mzazi anaruhusiwa kuwa mmojawapo. Nimeshakutana na familia zimeuza shamba wakati mama alikuwa amesajiliwa kwa mwanae muda tu, mtoto mwenyewe kasahau, kadi iko kwenye droo. Kama yupo, ulizeni mapema bima inabeba nini na nini mtalipa wenyewe. Kama hayupo aende ofisi ya NHIF mkoani kwake aulize kama nafasi ipo na utaratibu unachukua muda gani, asiulize kwa simu aende.

Pili, kikoba cha mama, kile kikundi cha kuweka na kukopa, kama yumo. Vikoba vingi vina mfuko wa jamii pembeni ya hisa, ni ule mchango mdogo wa kila wiki ambao watu wanaulipa huku wakinung'unika, na kazi yake ni kama hii. Mweka hazina wa kikundi atakwambia mgonjwa anapewa kiasi gani na anatakiwa alete karatasi gani. Hiyo sio kuomba, ni hela yake.

Tatu, hospitalini ombeni makadirio ya gharama kwa maandishi, na mkiona hayafikiki nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali hiyohiyo KABLA ya kulazwa. Watu wengi wanakuja kwetu siku ya kuruhusiwa, mgonjwa amevaa viatu, bili iko mkononi, hapo hata anayetaka kukusaidia amebanwa. Afisa atakuhoji, nani anafanya kazi, nani anategemewa, nyumba ni ya nani, usifiche na usiongeze chumvi. Beba barua ya serikali ya mtaa inayoeleza hali ya familia, ifuatilie sasa hivi ukiwa bado Nzuguni, maana kumkosa mtendaji siku mbili tatu ni kitu cha kawaida na kutoka Dar huwezi kuifuatilia vizuri. Sikuahidi kwamba mtasamehewa yote. Mara nyingi kinachopatikana ni punguzo au kulipa kidogokidogo, na hiyo pia ni nafuu.

Na naomba, nakuomba kama mwanangu, usiende kwa wakopeshaji wa kausha damu. Najua wanatoa hela siku hiyohiyo. Mama atarudi hana nguvu ya kusimama sokoni kwa miezi kadhaa, marejesho ya kila siku yatalipwa na nani?

Ukishajua pengo lililobaki ndo mnachangisha, na mnachangisha kiasi kinachojulikana. Laini moja, isiwe ya mama maana simu yake itakuwa kwenye mkoba wodini, na jina linalotokea mtu anapotuma liandikwe kwenye tangazo ili anayetuma aone limefanana. Mtu mmoja ashike laini, mwingine ashike daftari, wasiwe mtu na mume wake. Kila Jumapili jioni weka kwenye grupu skrinishoti ya salio na orodha ya kilichotoka, hata kama ni elfu mbili ya bajaji. Hospitali mnailipa kwa ile namba ya malipo ya tarakimu 12 mtakayopewa, sio keshi kwa mtu anayesema anawajua wakubwa humo ndani. Ukiniuliza mimi michango mingi inaharibika kwa kukaa kimya kuliko kwa wizi, watu walioona hesabu mara mbili wanachangia mara ya tatu bila kuombwa.

Kaka wa bodaboda labda hana hela, sawa, lakini damu anayo. Upasuaji wa kufungua kifua unahitaji damu iwepo tayari, na damu yetu inatoka kwa watu wanaojitolea, haiuzwi. Mtu wa miaka 18 mpaka 65, mwenye afya, kuanzia kilo 50, anaweza kutoa, mwanaume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke miezi minne. Na sio lazima awe kundi moja na mama, hii watu hawaijui kabisa, wanakaa wanatafuta "O negativu" mtaa mzima wakati mtu wa kundi lolote akitoa anajaza benki na mama anapewa ya kundi lake. Kijiwe cha bodaboda kina vijana kumi na tano wenye afya, mwambie aje nao wanne tu. Wale vizuri kabla, wasije na njaa wala hangova. Ila kwanza piga simu kule Dar uulize wanahitaji wachangiaji wangapi, lini, na kama kadi ya mtu aliyetolea Dodoma wataipokea, maana kama hawaipokei basi kazi hiyo apewe ndugu aliyeko Dar kabisa.

Kuna vitu vidogo hakuna anayevikumbuka, navyo ni vizuri kwa wale shangazi na mashosti wanaouliza nifanye nini. Meno: kabla ya kubadilisha valvu daktari anataka kinywa kisafi, jino bovu linaweza kupeleka bakteria kwenye damu wakakaa kwenye valvu mpya, kwa hiyo mama aende kwa daktari wa meno hapa Dodoma sasa, jino la kung'oa ling'olewe mapema, lisije likaahirisha upasuaji akiwa ameshafika. Aseme kwamba ana tatizo la moyo na dawa anazotumia. Nywele: akishapasuliwa kunyanyua mikono juu ya kichwa kutakuwa shida, rafiki yake amsuke mistari ya chini iliyolala, sio rasta nzito, kichwa kipumzike na mto. Kucha zisiwe na rangi wala piko, kwenye kidole kinabanwa kifaa kinachosoma hewa ya oksijeni na rangi inaweza kukichanganya. Nguo ziwe magauni ya vifungo mbele, mawili matatu, na kanga. Na mto mdogo mgumu kiasi, wa kukumbatia kifuani akitaka kukohoa, huo mdogo wako wa kike anaweza kuushona mwenyewe na mama atakuwa nao kila siku.

Safari, kama pesa inaruhusu, mpandishe treni ya SGR, ni masaa kama manne kuliko kumkalisha kwenye basi karibu siku nzima na miguu inavimba. Ilipoanza 2024 nauli ya kawaida Dodoma mpaka Dar ilikuwa 31,000, angalieni ya sasa. Dar mtafutie pa kufikia karibu na Upanga iwezekanavyo, ndo hospitali iliko, pale Muhimbili. Hata kama mna shemeji mkarimu Mbagala, kutoka Mbagala kila alfajiri kuja Muhimbili utachoka wewe kabla ya mgonjwa. Bora shemeji alete chakula na wewe ulale karibu.

Siku yenyewe, jua kwamba thieta anaweza kukaa masaa manne, sita, au zaidi, ukimya sio habari mbaya. Baada ya hapo anaenda ICU, chumba cha uangalizi maalumu, na mara ya kwanza mkimuona atakuwa na mpira mdomoni, mashine inampumulia, waya kila mahali, mikono imevimba, haongei. Hiyo ni kawaida. Waambie wanaoingia kabla hawajaingia, nimeshaona mtu mzima anapiga yowe mlangoni ICU na wagonjwa wote wakashtuka. Aingie anayejua kunyamaza. Mjomba atume ujumbe mmoja asubuhi mmoja jioni, basi, hamna "hebu nipe niongee nae kidogo".

Hilo la mkono wa mtu sasa. Kwetu sababu kubwa mojawapo ya valvu kuharibika ni maambukizi ya koo ya utotoni ambayo hayakutibiwa vizuri, mwili unapopambana na wale bakteria unaishia kuushambulia na moyo wenyewe, afu mtu anakua, anazaa, anauza nyanya, tatizo linajitokeza ana miaka 30, 40, 50. Sijui kama ya mama ndo hiyo, muulizeni daktari wake awaeleze. Jirani akikwambia ya mkono wa mtu usibishane nae, utapoteza jirani na unamhitaji, mwambie asante tuombeeni na mwachie hapo. Pale pa kuwa mkali ni pawili tu. Mtu asimwachishe mama vidonge kwa sababu ya maombi au mganga, na asimfungishe siku tatu, maombi ya kufunga wafunge wao wazima. Na kama ameshakunywa mizizi au unga wowote, waambieni madaktari bila aibu ni nini na lini mara ya mwisho, kuna dawa za asili zinafanya damu ikawie kuganda na wao ndo watakuwa wanazuia damu.

Watu wengi wanajipanga kwa siku ya upasuaji, wakisikia mama ametoka salama kamati inavunjika, na kazi ndo inaanza. Mfupa wa katikati ya kifua unakatwa na kufungwa kwa waya, unahitaji kama wiki 6 mpaka 12 kuunga vizuri. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Mama yako hatakiwi kuinua hata robo ya hiyo, wala kuchota, wala kutwanga, wala kusonga ugali wa watu sita, na wewe unaijua Nzuguni maji yakikatika. Kwa hiyo tafuta sasa hivi mtu wa maji, kijana wa jirani, umpangie siku, umlipe au mfuko wa michango umlipe, maana usipompanga mama ataamka asubuhi ukiwa umetoka ataona pipa tupu na atanyanyua. Wamama wa soko wote ndivyo walivyo.

Wakimwekea valvu ya chuma atatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yake yote, ya tishu mara nyingi ni kwa muda. Kabla hamjatoka Dar ulizeni kipimo cha kuganda kwa damu atakuwa anafanyia wapi hapa Dodoma na kila baada ya muda gani. Majirani watakaoleta chakula waambie kwamba majani ya kijani, mchicha, matembele, hata mlenda wetu huu, yana vitamini inayopingana na hiyo dawa, sio kwamba asile, ila kiasi kisirukeruke, wiki hii kila siku wiki ijayo hamna. Na mtu asimletee dawa za maumivu kama diklo au aspirini kutoka duka la dawa kwa sababu "mgongo unamsumbua", zikichanganyika na warfarin anaweza kutoka damu ndani. Andika kwenye karatasi ubandike jikoni, wageni wasome.

Meza ya sokoni msiifunge kabisa kama kuna mwenzake wa kuiangalia, hata kwa kugawana faida nusu kwa nusu, wateja wakizoea meza nyingine hawarudi. Walimu wa wadogo zako nao waambie, mmoja akianza kusinzia darasani au kupigana wajue kuna nini nyumbani.

Na wewe. Umeniandikia swali refu hujasema hata sehemu moja unalala saa ngapi. Kaka wa bodaboda yuko hapahapa mjini, mpe zamu kuanzia wiki hii, Jumanne na Ijumaa analala kwa mama, anampa dawa za usiku na anaamka nae akikosa pumzi, we siku hizo hupokei simu ya mtu. Akisema hawezi dawa mwandikie saa na rangi ya kidonge. Anasoma ramani ya Dodoma nzima kichwani, vidonge vinne hawezi kushindwa.